Mzee anapopata ugonjwa wa kuambukiza: chumba cha peke yake, chumba cha pamoja na wagonjwa wenzake, au kituo cha matibabu?

Katika nyumba za kutunzia wazee hapa Bukavu, kama ilivyo Goma, watu wengi waliochoka mwili hulala karibu karibu, hula chakula cha jiko moja, hutumia choo kimoja au viwili, na huhudumiwa na mikono michache. Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia humo hauchukui siku nyingi kufika kitanda cha mwisho. Nasi tunaishi mahali ambapo magonjwa hayo si habari za mbali. Kandokando ya Ziwa Kivu kipindupindu hurudi mara kwa mara. Aina mpya ya mpox, ugonjwa wa vipele vyenye usaha na homa, ilitambuliwa Kamituga, katika jimbo letu la Kivu Kusini, mwaka 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ni dharura ya afya ya kimataifa. Kifua kikuu hakijawahi kutuacha, na mafua makali huzunguka hasa watu wanapojifungia ndani kwa sababu ya mvua na baridi.

Mzee wa kwanza anapougua, wasimamizi, masista, mama wahudumu na familia hujikuta mbele ya njia tatu. Wanaweza kumweka mgonjwa katika chumba chake peke yake, kuwakusanya wote wenye ugonjwa huo katika chumba kimoja na kuwapa mhudumu wao, au kumhamishia hospitali au kituo maalumu cha matibabu. Nimeona watu wakiichagua mojawapo kwa hofu, au kwa mazoea tu, na mzee ndiye anayelipa. Ulinganisho huu umekusudiwa kuwasaidia wanaopaswa kuamua upesi, pengine usiku, huku daktari akiwa mbali.

Kabla ya kuchagua: kujua kwamba mzee ameugua

Hakuna njia hata moja kati ya hizo itakayofaa ikianza siku ya nne. Mwili wa mzee mara nyingi hauoneshi ugonjwa kama mwili wa kijana. Anaweza kuwa na maambukizi makubwa ya mapafu bila homa kali, na ndiyo sababu kwa wakazi wa nyumba za wazee joto la nyuzi 37.8 tayari ni la kutiliwa maanani. Mara nyingine dalili ya kwanza ni kwamba mama mzee aliyekuwa akiwatambua wote leo anachanganya majina, au babu aliyekuwa akitembea mwenyewe ameanguka mara mbili tangu asubuhi, au sahani imerudi jikoni ikiwa imejaa. Mhudumu anayewaona kila siku hutambua mabadiliko hayo kabla ya daktari, na neno lake lapaswa kusikilizwa hata kama hana diploma.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezitazama njia zote tatu kwa vigezo vilevile vitano. Cha kwanza ni jinsi ugonjwa unavyosafiri, maana ukuta unaozuia mafua hauzuii kipindupindu. Cha pili ni idadi ya wahudumu mnaoweza kuwapanga, mchana na usiku pia. Cha tatu ni maji na choo. Cha nne ni hali ya mzee mwenyewe: akili yake, miguu yake, uwezo wake wa kuita msaada. Cha tano ni muda ambao mpango huo utadumu pamoja na gharama yake. Katika vyote, naona cha pili ndicho kinachosahauliwa zaidi. Watu huhesabu vyumba kwanza, ilhali ugonjwa ndani ya nyumba ya wazee huhamishwa kwa sehemu kubwa na mtu mwenye afya anayetoka kitanda hiki kwenda kile akiwa na nia njema kabisa.

Njia ya kwanza: chumba cha peke yake

Kwa magonjwa yanayopita hewani au kwa matone ya mate, yaani mafua, korona na kifua kikuu, chumba chenye mlango unaofungwa na dirisha linalofunguka kuelekea nje hutoa kinga nzuri. Dirisha ndilo lenye kazi kubwa zaidi. Wazee wengi wa mji huu huogopa upepo, na baridi ya Bukavu baada ya mvua si ya kudharauliwa, lakini ni afadhali kumwongezea mgonjwa blanketi na kofia ya sufu kuliko kumfungia dirisha. Chumba hufaa pia kwa mpox, ambayo huambukiza kwa kugusana na vidonda, mashuka na nguo za mgonjwa. Kwa kipindupindu chumba peke yake hakisaidii kitu ikiwa mgonjwa bado anakwenda kwenye choo cha wote na kikombe chake kinaoshwa katika beseni la wote.

Kwa upande wa wahudumu, njia hii ni ghali kuliko inavyoonekana. Kila anayeingia lazima avae barakoa, avae aproni inayobaki mle chumbani, na anawe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka huchukua sekunde 40 hadi 60. Kwa dawa ya mikono yenye alkoholi ni sekunde 20 hadi 30, mradi mikono haina uchafu unaoonekana. Mkiwa na wagonjwa watatu katika vyumba vitatu, na mhudumu mmoja wa zamu ya usiku anayewaangalia pia wazee kumi na wengine wenye afya, haiwezekani afanye hivyo kila mara. Hapo vyumba vinabaki kuwa vitatu kwa macho tu.

Maji yanahitajika kwa kila chumba: bidoni (dumu la maji) lenye bomba dogo, sabuni, ndoo yenye kifuniko au choo cha kitandani, na chombo cha nguo chafu. Siku ambazo maji ya Regideso hayatoki, akiba iwekwe kwanza kwa ajili ya wagonjwa.

Kigezo cha nne ndicho kinachonifanya niombe tahadhari kubwa. Kumtenga mzee kuna madhara yake. Asiyeona mtu husahau kunywa maji, kwa kuwa hisia ya kiu hupungua na umri. Asiyetembea kwa wiki moja hupoteza nguvu za miguu ambazo huenda zisirudi. Na mwenye akili iliyoanza kudhoofika huingia katika mkanganyiko mkubwa, akaamka usiku kutafuta watu, akaanguka. Mzee asiyeelewa kwa nini amefungiwa hatakaa ndani, na kumfunga kwa kamba au kumtilia kufuli ni jambo lisilokubalika kwa hali yoyote. Njia hii humfaa mzee mwenye akili timamu, anayeweza kuita au kugonga kengele, na mwenye mtu wa kumtembelea kwa ratiba: walau mara moja kila saa mbili mchana, kikombe cha kunywa mkononi, na mazungumzo kidogo mlangoni.

Muda hutegemea ugonjwa. Mwenye mafua huambukiza tangu siku moja kabla ya dalili hadi siku tano au saba baada ya dalili kuanza. Mwenye mpox hubaki peke yake mpaka maganda yote yaanguke na ngozi mpya iote, na hilo kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne. Mwenye kifua kikuu cha mapafu ambacho dawa zake zinafanya kazi hupunguza sana kuambukiza baada ya wiki mbili hivi za matibabu, ingawa dawa zenyewe huendelea miezi sita.

Njia ya pili: chumba kimoja cha wagonjwa wenye mhudumu wao

Njia hii ina sharti moja lisiloweza kulegezwa: wote walio chumbani wawe na ugonjwa uleule, umethibitishwa kwa kipimo, au walau na muuguzi aliyeona dalili zinazolingana wakati wa mlipuko unaojulikana. Kuwalaza pamoja wote wanaokohoa ni hatari, kwa sababu kikohozi cha mmoja chaweza kuwa mafua na cha mwingine kifua kikuu. Kifua kikuu cha ujana huweza kuamka uzeeni, hivyo kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kipimwe makohozi kabla ya mzee kuwekwa na wenzake. Vitanda viachane kwa zaidi ya mita moja, na madirisha ya pande mbili, kama yapo, yafunguliwe.

Inafaa kukumbuka pia kwamba kundi lililokusanywa kwa kutazama dalili tu huwa na mapengo. Katika nyumba moja ya wazee katika jimbo la Washington, Marekani, mwezi Machi 2020, wakazi wote waliokubali walipimwa korona bila kujali dalili. Waliokutwa na virusi walikuwa 48, na 27 kati yao hawakuwa na dalili yoyote siku hiyo. Wengi wa hao waliugua siku chache baadaye. Kwa hiyo wazee waliokuwa wakilala na mgonjwa wasitawanywe katika vyumba vingine kana kwamba ni wazima. Wabaki mahali pao, waangaliwe, na lisiundwe kundi jipya linalowachanganya na wengine.

Ubora mkubwa wa njia hii uko kwenye wahudumu. Badala ya watu wote kuingia kwa wagonjwa wote, mnateua mmoja kwa zamu ya mchana na mmoja kwa zamu ya usiku, nao hawahudumii upande wa pili hadi mlipuko uishe. Wasiende jikoni kupika. Chakula kiwafikie mlangoni, na vyombo vyao vioshwe upande wao. Uchunguzi wa milipuko ya mwanzo ya korona katika nyumba za wazee za jimbo hilohilo la Washington ulionesha kwamba ugonjwa ulisambazwa pamoja na mambo mengine na wahudumu waliofanya kazi wakiwa wagonjwa, na wengine waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba zaidi ya moja. Hapa kwetu mama mhudumu mwenye mshahara mdogo naye hutafuta kibarua cha pili, huuza kitu sokoni Kadutu, na hawezi kukosa siku tatu za malipo kwa sababu anakohoa. Msimamizi anayetaka njia hii ifanye kazi lazima amhakikishie malipo ya siku za ugonjwa. Bila hilo, mhudumu atameza dawa ya homa na kuja kazini, wala sioni haki ya kumlaumu.

Kwa maji na choo, kundi huokoa rasilimali: choo kimoja kikitengwa kwa ajili yao, bidoni moja kubwa la kunawia na ndoo moja ya dawa ya klorini huweza kutosha. Dawa ya kusafishia sakafu iliyomwagikiwa matapishi au kinyesi iwe ya asilimia 0.5, ambayo hupatikana kwa kuchanganya gramu 7 hivi za unga wa klorini uitwao HTH wenye nguvu ya asilimia 70 katika lita moja ya maji, na itengenezwe upya kila siku. Klorini hiyo si ya mikono. Maji ya klorini ya mikono ni ya asilimia 0.05 na hutumiwa pale tu sabuni na alkoholi vinapokosekana, kwa kuwa ngozi ya mzee ni nyembamba na huchubuka upesi. Asinyunyiziwe mtu yeyote klorini mwilini.

Mzee mwenyewe huwa na nafuu hapa kuliko katika chumba cha peke yake. Anasikia sauti za watu, anaweza kusali rozari au kuzungumza na jirani, na akianguka kuna wa kupiga kelele. Kwa wenye akili iliyodhoofika hii mara nyingi ndiyo njia ya utu zaidi. Kasoro yake ni kwamba aliye dhaifu kuliko wote hulala akiwaona wenzake wakizidiwa, na kifo kikitokea chumbani, woga huwaingia wote. Pazia au shuka lililotundikwa kati ya vitanda liandaliwe tangu mwanzo.

Muda wake ni mrefu kuliko wa mgonjwa mmoja, kwani chumba hufungwa pale wa mwisho anapopona.

Njia ya tatu: kumhamishia kituo cha matibabu

Kwa ugonjwa unaosafiri kwa kinyesi na maji, na unaoua kwa kukausha mwili, hii si njia ya kufikiria mwishoni. Kipindupindu kikali huweza kumuua mtu ndani ya saa chache, na mzee hufika hatua hiyo mapema. Hata kipimo cha kuvuta ngozi kuona kama inarudi haraka hakitegemeki kwa mzee, kwa sababu ngozi yake hukawia kurudi hata akiwa mzima. Kituo cha kipindupindu kina vitanda vyenye tundu, ndoo, wafanyakazi wa kusafisha usiku na mchana, na zaidi ya yote maji ya kutundikiwa mshipani. Safari isicheleweshwe, na njiani aendelee kunyweshwa maji ya chumvi na sukari: pakiti moja ya dawa katika lita moja ya maji salama, au, pakiti ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha.

Kwa wahudumu wa nyumba, kuhamisha kunaonekana kupunguza kazi, lakini wenyeji wanajua kwamba katika hospitali zetu mgonjwa huhitaji mlinzi wa kukaa naye, kumletea chakula na kufuata dawa. Mzee asiye na jamaa hutegemea nyumba imtume mtu. Huyo akirudi, na yeye ni mtu aliyekaa wodini na wagonjwa. Anawe, abadilishe nguo, asirudi moja kwa moja jikoni.

Usafiri nao ni sehemu ya uamuzi. Kumpakia mzee anayetapika kwenye pikipiki katikati ya watu wawili kutoka Bagira hadi mjini, kwenye mteremko na matope, kunamhatarisha yeye na kunamwambukiza dereva. Kwa nyumba iliyo mbali na barabara, kipoyi, yaani machela ya kubebwa na watu, hadi mahali gari linapofika ni bora, na namba ya gari la eneo la afya iandikwe ukutani kabla ya siku ya dharura.

Hali ya mzee hospitalini hubadilika kwa ubaya pia. Mahali pageni humchanganya, na wodi iliyojaa ina magonjwa mengine ambayo hakuja nayo. Mzee mwenye mafua ya kawaida anayekunywa vizuri na kupumua bila shida hupoteza zaidi kuliko anavyopata. Kuhusu gharama, matibabu katika vituo vya kipindupindu na vya mpox wakati wa mlipuko mara nyingi hutolewa bure, na dawa za kifua kikuu ni za bure nchini Kongo, lakini kulazwa kwa nimonia kwaweza kuleta deni ambalo nyumba itashindwa kulilipa. Ulizeni kabla, msikisie.

Ugonjwa ambao hauhitaji njia yoyote kati ya hizo tatu

Upele huleta mkanganyiko mwingi, kwa kuwa mzee anayejikuna hutengwa kwa aibu huku wenzake wakiachwa bila dawa. Mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki mbili hadi sita kabla ya kuwashwa, kwa hiyo mnapomwona wa kwanza, wengine tayari wanao. Kinachofaa ni kuwatibu wakazi wote na wahudumu wote siku moja, kwa maelekezo ya muuguzi, na kurudia baada ya wiki moja au mbili. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, na yasiyofulika yafungwe ndani ya mfuko kwa siku tatu au zaidi. Dawa ya mikono ya alkoholi haiui wadudu hao.

Kuchagua kwa hali yenu

Mkiwa na mgonjwa mmoja wa mafua au korona, mwenye akili timamu, na mna chumba chenye dirisha, mpeni chumba cha peke yake kwa siku saba na wekeni ratiba ya kumtembelea. Wakifika watatu, nanyi mna wahudumu wachache, hamieni chumba cha pamoja chenye mhudumu wake, maana mikono iliyotengwa huwalinda wazee walio wazima kuliko milango mingi inayofunguliwa na mtu mmoja.

Ikiwa ni kuhara maji mengi kama ya mchele, msingoje kipimo: mnyweshe, mpelekeni kituoni, fungeni choo alichotumia hadi kisafishwe kwa klorini, na yachunguzeni maji ya kunywa ya nyumba nzima siku hiyohiyo. Maji ya ziwani yaliyoletwa kwa bidoni yachemshwe au yatiwe klorini hata kama yanaonekana safi.

Ikiwa ni vipele vyenye usaha na homa, mjulisheni muuguzi wa eneo la afya na mtumie chumba cha peke yake wakati mkisubiri. Wazee wengi waliochanjwa ndui kabla ya chanjo hiyo kukomeshwa, wenye kovu begani, huwa na kinga fulani iliyobaki dhidi ya mpox, lakini mzee dhaifu mwenye vidonda machoni au mdomoni, asiyeweza kula, apelekwe kituoni.

Kwa kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, chenye kukonda na jasho la usiku, chumba cha peke yake chenye hewa ndicho mahali pake hadi majibu ya makohozi yarudi na dawa zianze kufanya kazi. Msimchanganye na yeyote, hata na mwingine anayekohoa.

Nyumba isiyo na chumba cha ziada hata kimoja ianze kwa kutenga kona ya ukumbi iliyo karibu na dirisha, kwa pazia, kitanda kimoja, ndoo moja na mhudumu mmoja aliyetajwa kwa jina kwenye orodha ya zamu. Na kama hata mhudumu huyo hapatikani, basi kwa ugonjwa wowote unaoenea haraka, kumhamisha mzee mapema ni salama zaidi, akiwa na mlinzi, blanketi lake, na karatasi yenye jina lake, dawa anazokunywa na mtu wa kuulizwa.

Mzee aliye katika siku zake za mwisho, ambaye daktari amekwisha kusema kwamba matibabu ya hospitali hayatamsaidia, abaki katika chumba chake, na jamaa mmoja au wawili waruhusiwe kuingia wakiwa wamevaa barakoa na kunawa mikono. Kanuni za kuzuia maambukizi zina nafasi kwa hao wawili.